Kichwa cha Nyuma Hakishiki

Kijiwe cha Kwa Milimita kiko Tunduma, hatua hamsini kutoka kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, na kukiita kijiwe ni heshima tu, maana ni ubao mmoja wa mkurungu uliokataa kunyooka, umelazwa juu ya matofali mbele ya karakana ya useremala. Ubao huo umebeba wataalamu wengi wasio na cheti. Yupo Watson, aitwaye Injinia kwa sababu mwaka 1994 alimshikia tochi mtu aliyekuwa akitengeneza mzani wa malori. Yupo Damiano, yaani Spika, ambaye hafungui wala hafungi hoja bila methali, na methali zenyewe huzichomoa kama mtu anayejaribu funguo za nyumba ya jirani. Yupo Abdulwahab, dereva wa masafa marefu, mtu wa Tanga aliyeoa hapa, ambaye wamembatiza Breki kwa kuwa hana hadithi isiyoishia kwenye mteremko. Na yupo mwenye karakana, Fundi Lusubilo, mtu wa Ileje, mzee wa kanisa, anayepima mara tatu na kusema mara moja, ndiye Milimita. Kahawa ni ya Athuman. Asubuhi ile ya Alhamisi, mwezi wa sita mwaka 2009, baridi ilikuwa inauma masikio, na Milimita alikuwa na plasta kwenye paji la uso. Plasta ndiyo iliyokuwa hoja.

— Kwa hiyo jana nako? aliuliza Injinia, akipuliza kikombe.

— Jana nako, akajibu Milimita.

— Ulikaza?

— Nilikaza.

— Ulikaza ukakaza?

— Injinia, nilikaza mpaka spana ikalia. Kichwa cha nyuma hakishiki.

Hapa inafaa kusema jambo ambalo kijiweni hakuna aliyelisema, kwa sababu wote walijifanya wanalijua. Mashine ya kukereza ina vichwa viwili. Cha mbele huuzungusha mti. Cha nyuma huubana kwa ncha upande wa pili, nacho hutembea juu ya reli mbili za chuma. Ukipata urefu unaoutaka, unakaza nati, na kipande cha chuma kilicho chini ya reli kinang'ang'ania kwa nguvu zote kama mbwa aliyeuma mfupa. Kisipouma, kichwa kinarudi nyuma, mti unalegea, na mti uliolegea huku unazunguka haukai kusikiliza ushauri.

Ndivyo ilivyokuwa Jumatatu. Milimita alikuwa amepewa kazi ya nguzo ishirini na nne za mninga kwa ajili ya uzio wa madhabahu ya kanisa lao, na wajumbe wa kamati ya ujenzi walikuwa wamekuja kuona zinavyokwenda. Nguzo ya kumi na moja ikachomoka, ikampiga Milimita usoni, ikatoka nje kupitia mlangoni ikaangukia hapo kijiweni. Damu ikamtoka. Wajumbe wakamwangalia. Naye, badala ya kuangalia mashine, akamnyooshea kidole Osea, fundi mwenzake wa miaka tisa, ambaye ndiye hukaza ile nati.

— Mkono wako una mkosi, alisema. Mbele ya kamati, mbele ya kijiwe, mbele ya madereva wa foleni nzima.

Osea alivua aproni, akaitundika kwenye msumari wake, akaondoka bila hata vyombo vyake. Tangu siku hiyo alikuwa amekwenda karakana tatu kuomba kazi. Zote tatu habari ilikuwa imemtangulia. Mkono wa fundi ndio jina lake. Ukishaambiwa una mkosi, nani atakupa mbao zake?

— Mnalitazama jambo kwa macho ya kiserikali, alisema Injinia. Tatizo si nati. Tatizo ni umeme. Mashine hii si ulinunua Nakonde? Imekulia Zambia. Imezoea umeme mzito, umeme wa maji mengi. Huku kwetu inakula umeme mwepesi, inatetemeka kwa njaa. Ikitetemeka, kichwa kinateleza.

— Lakini kaka, alisema Athuman, akimimina, umeme wetu hapa Tunduma si wanatuletea kutoka huko huko Zambia?

Injinia alikunywa kwanza.

— Ukivuka mpaka unapungua uzito. Unafikiri ule mzani pale ni wa malori tu?

— Ehee! Haba na haba hujaza kibaba, alisema Spika.

— Hiyo imeingiaje, Spika?

— Kichwa kinateleza haba na haba, au kinateleza mara moja?

— Haba na haba, alikiri Milimita.

— Basi tulia. Nikuulize swali la nyongeza. Kinateleza kuelekea wapi?

— Kuelekea nyuma.

— Nyuma ya mashine ni wapi?

Wote waligeuza shingo kutazama mlango wa karakana, wakaifuata mashine kwa macho, wakatoka kwa ukuta wa nyuma, wakapita juu ya mabati na foleni, wakafika upande wa pili wa mpaka.

— Nakonde! alisema Athuman, na kashata ikamtoka mkononi.

— Mkataa kwao ni mtumwa, alisema Spika, akikunja mikono. Mashine inarudi kwao. Mimi nimemaliza.

— Basi aigeuze, nyuma iangalie Mbozi, alisema Injinia.

— Nyuma ikiangalia Mbozi itateleza mpaka Vwawa, alisema Spika, itaulizwa kitambulisho. Ilivuka na karatasi hiyo?

— Ilivuka imefunguliwa vipande vipande, mgongoni mwa watu, alisema Milimita.

— Sasa unategemea chuma kilichoingia kwa magendo kikae kwa utulivu?

Wakacheka. Milimita naye alicheka, kwa meno ya mbele tu. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya koti, na ndani ya koti kulikuwa na chupa.

Chupa yenyewe ilikuwa ndogo, iliyowahi kuwa na dawa ya kikohozi. Miezi mitatu nyuma, wiki ile aliponunua mashine, alikuwa amevuka mpaka siku ya Jumatano kwa kisingizio cha kutafuta msasa, akaingia kwenye turubai la nabii mmoja aliyekuwa akivuma, akapanga foleni akiwa ameshusha kofia mpaka kwenye nyusi. Nabii akamwuliza anataka baraka ya nini. Ya chombo cha kazi. Nabii akampa mafuta ya upako, na maelekezo: paka kila alfajiri pale chombo kinapokanyaga. Chombo kinapokanyaga ni kwenye reli. Milimita, mtu wa vipimo, alifuata maelekezo kwa usahihi uleule anaokata nao mbao. Kila asubuhi, kabla Osea hajafika, alizipitia reli mbili kwa kidole, kutoka mwanzo mpaka mwisho, akinong'ona. Kichwa kilipoanza kuteleza, aliongeza. Kilipoteleza zaidi, akaenda tena Nakonde kujaza chupa.

Mara moja tu Osea aliuliza.

— Baba, mbona reli zina utelezi?

— Natunza chuma kisipate kutu, alijibu.

Osea alimheshimu. Hakuuliza mara ya pili.

Na Jumapili mbili zilizopita, Mzee wa Kanisa Lusubilo, ambaye ndiye husoma matangazo kwa kuwa ana sauti safi, alisimama mbele ya washarika akasoma onyo la mchungaji kwa wale wanaovuka mpaka kununua mafuta ya manabii. Alilisoma vizuri. Kwenye neno "aibu" alinyamaza kidogo na kuwatazama watu, kama alivyofundishwa.

— Mnachekesha nyie, alisema Breki, ambaye mpaka hapo alikuwa anang'oa ganda la karanga jinoni. Mnakumbuka mwaka 2003, nashuka Kitonga na shaba ya Kongo?

— Tumeanza, alisema Injinia.

— Nakanyaga breki, breki inapumua, gari halisikii. Nakanyaga tena. Utingo wangu kashaanza kumtaja mama yake. Nikalisogeza gari pembeni, nikalikwaruza kwenye mwamba mpaka likasimama. Tukafungua tairi. Breki nzima! Bolti zote zimekaza! Unajua nini? Sili ya mafuta ilikatika, mafuta yameloa ndani. Basi. Mafuta tu. Kitu ambacho kazi yake ni kushika, ukikipaka mafuta kitashika nini?

— Sasa hiyo inahusiana nini na kukereza? aliuliza Injinia kwa dharau ya kitaalamu.

Breki alifikiri.

— Haihusiani, alikubali. Nimekumbuka mteremko tu.

Mazungumzo yakaendelea. Lakini Milimita alikuwa ameweka kikombe chini. Aliona reli mbili zinazong'aa. Aliona mafuta yakichuruzika pembeni, yakiingia chini, yakikifikia kile kipande cha chuma kinachotakiwa kuuma. Aliona kidole chake mwenyewe. Angeweza kujitetea kwamba kukereza ni kazi ngeni kwake, kwamba maisha yake yote yalikuwa ya randa na msumeno. Lakini mtu aliyeshika randa miaka thelathini anajua mafuta ni nini. Hata anayekaanga mandazi anajua. Alikuwa amejua siku ile Osea alipouliza. Alijua kama unavyojua kuna mtu mlangoni ukaamua kutofungua.

Sasa ndio ulikuwa wakati wa kusema. Neno lenyewe lilikuwa moja, tena fupi, na Breki alikuwa ameshalitamka kwa niaba yake. Alifungua mdomo.

— Mimi nasema tusizunguke, alisema Spika. Ni Osea.

Milimita akafunga mdomo.

— Lakini Osea kaondoka tangu Jumatatu, alisema Athuman, na jana kimeteleza.

— Kaondoka yeye, mkosi kauacha. Mkosi si mwavuli kwamba mtu hubeba akiondoka.

— Kitaalamu inawezekana, alisema Injinia. Kuna mikono ina sumaku. Ya kuvuta na ya kufukuza. Osea ana ya kufukuza. Miaka tisa anashika ile karakana, chuma kimeshaambukizwa.

— Nasikia alizaliwa ametanguliza miguu, alisema Spika.

— Nani kakwambia?

— Inaonekana. Mtazame anavyotembea. Na babu yake kule Ikinga alikuwa anafuga bundi.

— Bundi!

— Au kanga. Ndege fulani.

— Mimi juzi aliniomba lifti mpaka Mlowo, alisema Breki, na sauti yake ilishuka kidogo. Anasema kuna karakana huko inatafuta mtu. Nikamwambia gari limejaa.

— Lilikuwa limejaa?

— Lilikuwa tupu. Lakini mkosi na mteremko havikai kwenye gari moja, ndugu zangu. Nina watoto.

Wote wakaonekana kama watu wanaotafuta mahali pa kuweka kitu kichafu. Spika ndiye aliyepapata.

— Usisikitike, Breki. Wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako. Fundi Lusubilo kamlea mtu miaka tisa, kumbe anamla.

Ilikuwa methali ya kwanza mwaka ule ambayo Spika aliipatia, na hakujua. Milimita alitoa mkono kwenye koti kama aliyeguswa na kaa la moto.

— Hodi hapa. Shikamooni wazee.

Alikuwa Nesta, dada yake Osea, muuza mashuka ya mitumba sokoni. Alikuwa na gunia tupu begani na vumbi la njia miguuni.

— Marahaba, marahaba. Karibu kahawa, dada.

— Asante, sikai. Fundi, nimekuja kuchukua vyombo vya Osea.

Siku zote alimwita baba. Leo fundi. Milimita aliisikia ile tofauti zaidi ya vile angesikia tusi.

— Vipo, alisema. Ndani. Juu ya rafu.

Nesta hakuingia. Alilihamisha gunia kutoka bega hili kwenda lile.

— Mama ananiuliza kitu nyumbani, nimekosa la kumwambia. Osea mwenyewe hasemi, amelala kageukia ukutani siku ya pili leo. Nikasema nyie mlikuwepo. Nisaidieni nikamwambie mama. Osea alifanya nini?

Athuman alianza kusuuza vikombe ambavyo vilikuwa safi.

— Dada yangu, alisema Spika, mambo ya mafundi haya, unajua, mgeni njoo, mwenyeji...

— Sijauliza mgeni wala mwenyeji. Alifanya nini?

— Kitaalamu, alisema Injinia.

— Ehee. Kitaalamu alifanya nini?

Injinia alitazama foleni ya malori kwa makini sana, kana kwamba mojawapo litampa jibu. Breki aliangalia viatu vyake. Spika alipekua methali zote alizonazo, na ilionekana usoni kwamba hakuna hata moja iliyoingia kwenye kitasa.

— Athuman, niongezee, alisema Injinia kwa sauti ya chini.

Athuman aliinamisha birika. Likadondosha tone moja, na machicha.

— Imekwisha.

Ndipo Milimita akaingiza mkono kwenye koti. Hakuamua, mkono ulichoka tu. Aliiweka chupa juu ya ubao, katikati ya vikombe.

— Hakufanya kitu, alisema. Ni mimi.

Wakaitazama chupa. Breki alikuwa wa kwanza kuelewa, na uso wake ulibadilika polepole, kama mtu anayesikia harufu ya breki zake mwenyewe.

— Kwenye reli?

— Kwenye reli.

— Mara moja?

— Kila asubuhi. Miezi mitatu.

— Ya nini sasa, fundi mzima?

— Ya baraka. Nilivuka kwa yule nabii.

Hakuna aliyecheka. Angependa wacheke. Athuman alifungua kizibo, akanusa, akadondosha tone kiganjani akalionja kwa ncha ya ulimi. Mtu wa kahawa haamini mpaka aonje.

— Alizeti hii, alisema kwa huruma. Ya kukaangia.

Wakaingia karakanani wote. Injinia alijitolea kuleta mafuta ya taa ya kusafishia, Breki akamwambia hayo nayo mafuta, hebu akae. Yeye mwenyewe akaleta petroli kidogo kwenye chupa ya soda. Milimita alipiga magoti. Alifungua nati ya chini, akakitoa kile kipande cha chuma. Kilikuwa cheusi, kimeloa, vumbi la mninga limeganda juu yake kama ugali uliolala. Akakifuta. Akafuta tumbo la kichwa. Akafuta reli mbili, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kwa njia ileile ya kidole chake cha alfajiri, mpaka kitambaa kikatoka kikavu. Akarudisha kipande mahali pake, akakaza. Hakukaza sana, spana haikulia.

Alichukua kipande cha mti cha nguzo ya kumi na mbili, akakibana, akawasha.

Mti ukazunguka. Akaweka patasi, maranda ya mninga yakatoka marefu, mekundu, yakamwangukia kwenye viatu. Akaongeza nguvu. Akategemea patasi kwa mwili mzima, kuliko fundi yeyote mwenye akili anavyotakiwa. Kwa mara ya kwanza tangu ainunue mashine ile aliomba kwa moyo wake wote, bila mafuta, kwamba kichwa kiteleze. Kiteleze hata kidogo, hata unywele, kumwonyesha kwamba kulikuwa na kitu kingine.

Kichwa hakikuteleza.

Akazima. Mti ukazunguka, ukapungua, ukasimama. Ukutani, kwenye msumari wake, aproni ya Osea ilikuwa pale pale ilipotundikwa.

— Ni hivyo tu? aliuliza Nesta.

Watu wazima wanne na muuza kahawa walitazama maranda miguuni mwao. Haikuwa imechukua hata muda wa kupoza kikombe kimoja.

Nesta akatembea mpaka kwenye rafu. Akazitia patasi za kaka yake ndani ya gunia moja moja, akizihesabu kwa midomo, kisha randa, kisha kipimo cha pembe. Milimita alisogea kumshikia mdomo wa gunia. Nesta hakumkataza, wala hakumwangalia.

— Naomba nije nawe sasa hivi, alisema Milimita. Yaani nije kwake. Nimwombe radhi nyumbani.

— Kwani nyumbani ndiko ulikomtangazia? Nesta alifunga gunia kwa kamba, akajaribu uzito wake. Ulimtangaza mbele ya kanisa na mbele ya mpaka mzima. Tangazo la mafuta ulilisoma vizuri sana, fundi. Sisi tunakaa benchi la nyuma kabisa, na tulikusikia kila neno.

Alilipandisha gunia kichwani. Breki alisema ana gari, litampeleka, halijajaa. Nesta alisema asante, amezoea kutembea. Mlangoni alisimama, akageuka na mwili wote kwa sababu ya mzigo.

— Jumapili ukisimama kusoma matangazo, Osea nitakuwa nimemleta, alisema. Tutakaa pale pale.